Gesi Nzito Nayo Hupanda

Kila asubuhi Fundi alitandaza vifaa vyake barazani, mtoto mgongoni, friji mbovu mbele yake. Mtaani walimwita Mama Baridi.

Siku hiyo roho haikutulia. Zahanati ilitaka fundi wa kutunza friji za chanjo. Kesho mafundi wangejaribiwa. Akishinda, atapata kazi ya kudumu, aache kubahatisha.

Akakata bomba la friji kuukuu. Gesi ikatoka, fyuuu.

"Dada, unaimwaga hewani?" aliuliza jirani yake. Huyu alifanya kazi kituo cha hali ya hewa.

"Kwani hewa ina mwenyewe?"

"Inapanda juu, inaharibu ozoni. Ozoni ndiyo gesi inayotukinga na miale mikali ya jua."

Fundi akacheka. "Gesi hii nzito kuliko hewa. Kila fundi anajua. Inaishia mtaroni."

"Sukari nayo nzito. Mbona chai yako tamu mpaka juu?"

"Si nimeikoroga?"

"Basi upepo ndio kijiko. Unakoroga miaka na miaka, gesi inafika."

"Nani amepanda akaiona?"

"Setilaiti. Inazunguka dunia, inapima mwanga wa jua uliopita hewani. Kila gesi hunyonya rangi zake kwenye mwanga. Tukiona zilizopungua, tunajua ni gesi gani na kiasi gani, hata kama ni tone bwawani. Gesi za friji za zamani tumeziona. Tumeona pia zinapungua, kwa sababu watu wameacha kuzitengeneza. Ozoni inaanza kupona."

Mume wa Fundi, aliyekuwa akimenya viazi mlangoni, akadakia, "Mke wangu, leo umepatikana."

Fundi alimrekebisha mtoto mgongoni. "Sasa nifanyeje?" alimuuliza jirani.

"Ivute, uihifadhi mtungini. Chuo cha ufundi wanaazimisha mashine ya kuivuta."

Alikwenda mchana uleule. Akafundishwa, akarudia mpaka mikono ikazoea.

Kesho yake, kule zahanati, kila fundi alipewa friji ya zamani aitengeneze. Wenzake wakafungulia gesi, fyuuu. Yeye akaunganisha mashine na mtungi, akasubiri.

"Mama Baridi, unakamua ng'ombe?" mmoja akamtania. Wakacheka.

"Nakamua," alijibu. "Na simwagi."

Mganga mkuu wa zahanati alisogea. "Kwa nini hufungulii tu?"

Fundi akaeleza yote: upepo, setilaiti, ozoni. Wenzake wakasogea kusikiliza. Mganga mkuu akampa funguo za chumba cha chanjo.

Wiki iliyofuata, mafundi walewale walibisha hodi barazani kwake. Walitaka kujua mashine inaunganishwaje. Akawasogezea viti.