Protini ya Nguruwe kwenye Sufuria ya Maharagi

Siku ile mjinga alikuwa Marcellin. Yeye mwenyewe hakatai.

Saa mbili asubuhi. Bunia, vita mtaani. Chumba cha nyuma cha Honorine kilinuka moshi wa samaki wa Tchomia. Aliuza samaki. Aliongoza pia genge.

"Iko mu frigo ya komanda ya waasi. Watu yake waliipora kwenye labo ya wanyama," alisema. "Docteur Adolphe anaitaka. Protini ya nguruwe. Wataalamu walitengeneza, inazalisha chembe za kinga. Ya utafiti tu."

"Inakuliwa?" aliuliza Marcellin, mchimba dhahabu wa Bambu.

"Kula, utachimba na pua."

Bruno, mwenye pikipiki, hakucheka. "Na siye tunapata nini?"

"Nafasi tatu mu kamyo yake. Anangojea mu muji ya Komanda. Tunatoka mu hii vita bazima."

Saa nne. Mlinzi wa komanda alikuwa mlangoni, ananusa samaki wa Honorine mmoja mmoja kama mkwe mgumu. Marcellin akaruka ukuta. Jokofu. Barafu. Chupa sita, ndogo kama kidole. Akatoka nazo ndani ya barafu.

Saa tano. Barieri barabarani. Askari walipekua kila mfuko. Sufuria ya maharagi ya safari, iliyotoka motoni sasa hivi, hawakuigusa. Kwao Bambu, dhahabu husafiri hivyo: nani atatia mkono kwenye chakula kinachotokota? Basi Marcellin, bila kuuliza mtu, alikuwa ametupa barafu na kuzizamisha chupa humo. Walipita. Alipiga mluzi njia nzima.

Saa tisa. Komanda. Daktari Adolphe alivua chupa moja kwa kijiko. Ndani protini ilikuwa imeganda nyeupe, kama ute wa yai lililochemka.

"Mumepika."

"Dhahabu haiogopi moto," Marcellin alinung'unika.

"Hii si dhahabu! Inataka baridi. Imekufa. Hakuna nafasi."

Bruno alikwisha kugeuza pikipiki kuelekea Bunia. "Miye nitamwambia komanda nani aliiba. Atanisamehe."

Akaacha vumbi.

Honorine hakumtazama. Alimsukuma Marcellin ndani ya lori la Adolphe, akapanda, akachomoa bastola kwenye kikapu cha samaki. Akamwonyesha Adolphe usukani.

"Mama Honorine, tulipatana! Protini imekufa!"

"Imekufa, ndiyo. Weye ungali muzima. Endesha."