Sauti Aliyoitunza Nabintu

Ungepita Acocks Green, mtaa wetu huku ughaibuni, Jumamosi asubuhi na kuchungulia nyumbani kwa Nabintu, ungesema hapa ndipo amani ilipohamia. Sombe ya majani ya muhogo inachemka jikoni. Raphaël, mumewe, anapiga pasi gauni la kwaya huku akipiga mluzi, maana mwanamume yule hana makuu. Binti yao Mireille, mwenye miaka saba, amekaa kwenye zulia akipaka picha rangi.

Lakini tegeni sikio, ndugu zangu. Mama mwenye nyumba hasemi! Akitaka mtoto aje kula, anapiga makofi. Akitaka televisheni ipunguzwe, anagusa sikio. Kuanzia Ijumaa mpaka ibada ya Jumapili, Nabintu alikuwa akiitunza sauti. Shingoni kitambaa, hata mwezi wa saba, wakati wa joto la huku. Mkononi kikombe cha maji moto ya tangawizi. Mwimbaji mmoja mgeni alimwambia kwamba sauti ya injili haimalizwi kwa maneno ya nyumbani, naye akalishika neno hilo kwa mikono miwili.

Na Jumapili je? Akifungua kinywa, hata wazee wanaosinzia wakati wa mahubiri wanasimama. Nabintu wetu ana kipaji, nani atabisha? Tulimpongeza, tukaenda zetu kula. Mireille alirudi nyumbani na mama aliyechoka, koo limemkauka.

Basi siku moja mwalimu wa Mireille akamwita Nabintu shuleni. Mwalimu huyo, Simran, ni Singasinga ambaye wazazi wake walitoka Nairobi, na Kiswahili chake hukitoa kwa fahari.

"Karibu, mama. Mireille ni mtoto mzuri, lakini siku hizi haongei kabisa. Akitaka kitu anapiga makofi. Masikio yamepimwa, ni mazima. Sasa tunafikiria kumpeleka kwa mtaalamu."

Nabintu alirudi nyumbani moja kwa moja. Akamkalisha mtoto kitandani.

"Mutoto yangu, juu ya nini hauongeake na mwalimu? Kuko mutu anakuchokoza?"

Mireille akatikisa kichwa. Kisha, kwa sauti ndogo: "Naweka voice yangu, mama. Nataka kuwa singer kama wewe."

"Unaiwekea nani?"

"Watu wa church."

"Na mimi?"

Mtoto alifikiri kweli kweli, asije akamwumiza mama. "Wewe uko wa nyumbani, mama. Wa nyumbani hawapatake voice."

Maneno hayo yalimkata Nabintu maini.

Wiki ileile kulikuwa na mkutano mkubwa, wageni wanatoka mpaka Manchester, na yeye ndiye kiongozi wa nyimbo. Watu wakapiga simu: "Mama, tunza sauti!" Hakumsikiliza mtu. Jumamosi alimchukua Mireille mazoezini, na mtoto akaiona kazi yenyewe: kupandisha spika ngazini, kurudia mstari mmoja mpaka unachukiza, mama kumwomba msamaha mpiga ngoma baada ya kumfokea.

"So kuimba ni kuchoka?"

"Ni kuchoka, na kucheka, na kuomba Mungu," alijibu Nabintu, na siku hiyo hakunyamaza tena. Kwenye basi alimsimulia habari za Bukavu kwao, za marehemu mama yake, na jinsi alivyosimama kuimba mara ya kwanza akasahau maneno yote. Mireille aliuliza maswali mpaka mlangoni.

Jumapili sauti ilikwama kwenye wimbo wa pili. Wageni wakatazamana. Nabintu akashusha kipaza sauti, akakiinua tena.

"Munisamehe. Sauti niliitumia jana, kwa wa nyumbani. Munisaidie kuimba."

Tukaimba, wengine wakijitungia sauti zao wenyewe, Mungu atusamehe.

Siku mbili baadaye Mwalimu Simran alipiga simu, na Nabintu akapokea mara moja.

"Mama, leo nimemhamisha Mireille kiti. Anaongea sana! Wenzake hawafanyi kazi."

Nabintu aliomba radhi huku analia na kucheka. Sijawahi kuona mzazi akifurahi hivyo mtoto wake aliposhtakiwa.

Funzo

Enyi waimbaji, wahubiri, na wote mnaosifiwa nje: kumtumikia Mungu si ruhusa ya kuwanyima watoto wenu. Wakaribisheni waone utumishi wenu wote pamoja na jasho lake, siyo gauni la Jumapili tu, maana wanaiga hata kile msichokusudia kuwafundisha. Na sisi tunaoshangilia, tuache kumdai mwimbaji mpaka nyumbani kwake pasibaki kitu. Kanisa litapata mwimbaji mwingine. Mireille hana mama mwingine.