Maoni ya Mpishi wa Ilolelo

Kufikia saa kumi na moja na robo jioni, Sikiokuu lilikuwa limeshasikiliza watu milioni sita, na halikuonyesha dalili yoyote ya kuchoka.

Lilisimama katikati ya ukumbi wa maoni jijini Mbeya, nguzo ya kioo yenye kimo cha ghorofa tatu. Kila sauti iliyoingia kutoka vibanda vya nchi nzima ilipanda ndani yake kama cheche ya buluu. Mwananchi alisema kwa lugha yake na kwa mwendo wake, akikohoa, akicheka, akirudia. Sikiokuu lilipima alichokisema, likakitafutia wenzake, na cheche zenye hoja moja zikaungana kuwa taa moja. Taa ikifikisha sauti elfu moja iliwaka manjano, na kwa sheria Wizara haikuweza kupitisha jambo kabla ya kuijibu.

Asajile, mhandisi aliyelibuni, alikuwa hajakaa tangu asubuhi. Kwa siku thelathini nchi ilikuwa ikijadili jambo moja: je, shule zote ziwekewe langohesabu? Lango hilo lilimtambua mwanafunzi kwa hatua zake, likamhesabu saa mbili kamili asubuhi, kisha likatuma taarifa serikalini bila mwalimu kushika kalamu. Asiyehesabiwa kwa siku thelathini mfululizo aliandikwa kuwa ameacha shule, na chakula chake kikaondolewa. Wilaya chache zilikuwa zikilijaribu tangu mwanzo wa mwaka. Pazia la maoni lingeshuka saa kumi na mbili, na taa sita za manjano zilikuwa zinawaka.

"Hoja sita tu, nchi nzima!" Katibu Kwilasa wa Wizara alisema, akisugua viganja. "Babu yangu alisubiri ripoti ya tume miaka miwili. Sisi tunamaliza leo hii, kabla ya chakula cha jioni!"

Asajile akacheka kwa furaha. Ndipo alipomwona mama mmoja mnene, aproni bado kiunoni, akiizunguka nguzo kama anayetafuta mlango wake.

"Shikamoo, mama. Nikusaidie?"

"Marahaba, baba. Naitwa Nitike, mpishi wa Shule ya Msingi Ilolelo. Jumatatu nilisema na hili dude lako kwenye kibanda cha kwetu. Likanijibu, ahsante, maoni yako yamepelekwa idara ya lishe. Mimi sikwenda kuzungumzia lishe."

"Ulisemaje?"

"Nilisema napikia uji watoto mia tatu na kumi na wawili, na lango linanipa unga wa mia mbili tisini na nane."

Katibu akaangua kicheko. "Sasa mama, uji si lishe?"

"Wewe umekula leo?" Mama Nitike akamgeukia. "Maana unajibu kama mwenye njaa."

Akaeleza taratibu. Watoto kumi na wanne wa Ilolelo hubeba maziwa ya nyumbani kwao asubuhi hadi kituo cha droni za kuyapeleka mjini, na droni haziruki kabla ya saa tatu. Hufika shule saa nne, saa ya uji. Ndiyo maana pale Ilolelo, tangu enzi za walimu waliokwisha kustaafu, daftari la mahudhurio huitwa baada ya uji. Lango lilipokuja halikujua desturi hiyo, wala hakuna aliyeliambia. Wote kumi na wanne walikuwa wameshafutwa. Waliokuwa bado wanakuja waliingia sasa kwa mlango wa jikoni.

Asajile alifungua kapu la lishe, mahali nguzo ilipotupa maoni yote iliyoyaona ya chakula, na kusikiliza sauti ya kwanza, mpishi wa Nachingwea: makande hayatoshi, lango limepunguza sahani ishirini. Ya pili ilitoka Karatu: loshoro, chakula chetu cha mahindi na maziwa, ya watoto tisa haipo. Ya tatu, maharage. Ya nne, viazi. Ya kumi, ya hamsini. Kila mpishi alikuwa amezungumzia chungu chake, na Sikiokuu, kwa jinsi Asajile mwenyewe alivyolifundisha, lilisikia chungu, halikumsikia mtoto.

"Ni hoja moja!" alipaza sauti. "Katibu, wote wanasema jambo moja!"

Aliiamuru nguzo isikilize kapu zima upya, safari hii imtafute mtoto, si chungu. Ikajibu: dakika arobaini. Zilikuwa zimebaki ishirini na mbili.

"Niongezee nusu saa."

"Siwezi," Katibu alisema, na uso wake haukuwa na mzaha tena. "Saa imewekwa na Bunge. Pazia likishuka, kilichomo kapuni ni cha lishe."

Asajile akafikiri, kisha akaruka. Kulikuwa na kanuni moja, aliiandika kwa mkono wake: pazia halishuki mwananchi akiwa bado anazungumza. Sekunde ishirini za ukimya ndizo zinazohesabiwa kuwa amemaliza.

"Mama, unaweza kuzungumza dakika arobaini bila kunyamaza?"

"Kamuulize mume wangu."

Akasimama mbele ya nguzo, akaanza. Alisema unga unavyochekechwa, akasema sufuria ipi huungua. Saa kumi na mbili ikagonga, vibanda vya nchi nzima vikazimika, ikabaki cheche moja ya buluu. Sasa alikuwa amewafikia wale watoto kumi na wanne, mmoja mmoja. Gwakisa, anayetaka uji bila sukari. Lugano, anayempa mdogo wake nusu. Anyisile, anayesoma kwa sauti akipuliza kikombe.

"Na Bupe," akasema, akanyamaza.

Asajile alitazama kioo. Kapu lilikuwa limesikilizwa tisini na moja kwa mia. Sekunde nane. Kumi.

"Bupe lango lilimwambia hana shule. Alikuja na kikombe chake siku nne. Ya tano hakuja. Mpaka leo napika cha kwake."

Ukimya ukarudi, mzito. Sekunde kumi na mbili. Kumi na sita. Katibu Kwilasa ndiye aliyesogea karibu na yule mama, akauliza polepole:

"Kikombe chake kilikuwa cha rangi gani, mama?"

"Chekundu." Akapangusa uso kwa aproni. "Kina pengo mdomoni. Ninacho rafuni. Haya. Anayefuata ni Syapa, huyo ni mtundu…"

Juu, karibu na paa, cheche zilianza kukimbiliana. Mia nne. Mia tisa. Elfu mbili. Taa ya saba ikawaka manjano, kubwa kuliko zote, na ukumbi mzima ukabadilika rangi: sauti elfu tatu, mia moja na sita. Asajile alipiga kelele kama mtu aliyeona goli. Katibu alikuwa ameshatoa kalamu, anaandika hoja ambayo sasa angelazimika kuijibu.

"Mama, tayari! Imetosha, unaweza kupumzika."

Mama Nitike hakugeuka.

"Bado wanne," alisema.

Asajile akavuta kiti, akakaa kwa mara ya kwanza siku hiyo, akawasikiliza wote wanne.