Mtu wa Kumi na Nne

Soko la Bunia lilijaa vumbi na makelele. Chancelle, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sosiolojia, karatasi ya utafiti mkononi, alikuwa amekwisha kufukuzwa na wauza vitenge wawili. Visigino vya viatu vyake vilikuwa vimelika. Akakaa bila kualikwa kwenye benchi la fundi wa nguo.

"Papa fundi, maswali kumi tu."

"Weye uko wa shirika gani, ONG gani?"

"Ni ya masomo. Uko na bibi, umeoa?"

Fundi Kamate akasimamisha cherehani. "Ile ndiyo swali ya kwanza?"

"Ya tatu. Niliruka, nimechoka."

Kamate akacheka. Hakuwa amecheka tangu akimbie vita Oicha.

Miezi saba iliyofuata walipigiana simu kila jioni.

"Umekula, chérie?"

"Nimekula vitabu."

"Vitabu haina sombe. Kuya huku."

Jioni moja, kwenye sahani ya sombe, majani ya muhogo, Kamate alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu. Siku ya kukimbia alibeba cherehani kichwani, akamwacha baba yake mgonjwa kitandani, akidhani atarudi kumchukua. Barabara ikafungwa. Hakurudi.

Siku ya kutetea kazi yake mbele ya maprofesa, Chancelle alivaa gauni la kitenge cha buluu ambalo Kamate alimshonea bila malipo. Kamate alikaa nyuma, shati limenyooshwa, maua mkononi. Chancelle akasoma kwa sauti safi:

"Mtu wa kumi na nne, fundi wa nguo, kutoka Oicha: 'Nilibeba mashini, nikaacha baba.'"

Jina hakulitaja. Alidhani jina likifichwa, mtu amefichwa. Ujinga wa msomi. Watu wa soko walikuwa wamekuja kumshangilia, na fundi wa Oicha sokoni alikuwa mmoja tu. Vichwa vikageuka. Maprofesa wakaandika kwa furaha. Kamate akaweka maua kwenye kiti, akatoka.

Wiki tatu simu ya Kamate ililia bila kushikwa. Mwishowe Chancelle akaja mwenyewe sokoni, macho mekundu, karatasi kwapani.

"Nimetoa ile ukurasa. Profesa anasema bila ile, distinction, ile maksi ya juu, inaenda."

"Na weye ulisema nini?"

"Nilisema iende. Ulinipatia ile maneno nikiwa mupenzi wako, nikaipeleka shuleni. Nisamehe. Sina nguvu ya kusema ingine."

Chancelle alikuwa amekonda, gauni la buluu lilimpwaya mabegani.

"Siye wote tumechoka," akasema, akisogeza vitambaa kwenye benchi. "Ikala. Leo naulizaka mimi."

Akatandaza kipande cha kitambaa cheusi kama karatasi ya majibu, akachukua chaki ya kukatia.

"Jina?"

"Unalijua."

"Kwenye unaishi?"

"Saio, kwa mama. Unajua pia."

"Swali ya tatu. Uko na bwana?"

Chancelle akafuta pua kwa kiganja.

"Hapana. Lakini usiikaze sana chaki, Kamate. Ile jibu itafutwa."

Kamate akaandika, kwa mkono mwepesi kabisa.