Mkono Uliosahau Moto

Akina mama wenzangu, na nyinyi akina baba mnaojifanya hamsikilizi, kaeni niwape habari ya saluni moja yenye viti viwili na kioo kirefu kilichochukua ukuta mzima. Asubuhi palikuwa mahali pa amani. Birika linachemka kwenye kona, redio inanong'ona, na mwenye saluni amesimama nyuma ya mteja, vidole vyake vikienda kasi hata macho yanashindwa kuvifuata. Ndiyo maana watu walimwita Vidole.

Mjue jambo moja la kazi hii: msusi na mteja hawatazamani uso kwa uso. Wanaongea, wanacheka, wanasutana, lakini wanaonana kiooni tu.

Amani ile iliharibiwa na kidole gumba cha mkono wa kulia. Kilianza kuuma kwenye shina lake, karibu na kifundo cha mkono. Mwanzo Vidole alikipuuza. Ikafika siku akashindwa kuinua birika, binti yake akamwinulia huku akimkazia macho.

"Mama, nenda hospitali."

"Nikienda, nani atasuka? Wewe unayesuka kama unafunga mzigo wa kuni?"

Lakini alikwenda. Daktari, mwanamke asiye na haraka, alimbonyeza akamwambia kano za kidole zimevimba kwa sababu ya kazi ya kurudiarudia. Akamuuliza kama ana kisukari. Vidole akakiri kwamba anacho na anameza vidonge.

"Basi nisikilize, dada. Sindano hii ni ya steroidi. Itazima uvimbe, lakini sukari yako inaweza kupanda kwa siku kadhaa, kwa hiyo uipime. Mkono uupumzishe. Ukiona joto, wekundu au homa, njoo mbio. Na hatuchomi ovyo ovyo. Mara chache tu kwa mwaka, tena kwa kuachanisha."

Vidole aliitikia kila neno, akachomwa. Alasiri hiyo hiyo alikuwa amesimama nyuma ya mteja, anasuka. Maumivu yalipoisha aliona daktari kazidisha maneno. Yaliporudi, alikwenda kudai sindano nyingine. Daktari akampa kifaa cha kufunga kidole kisicheze, akamwambia asubiri.

"Nisubiri?" alilalamika saluni. "Na wateja niwaambie nao nywele zao zisubiri kuota?"

Waliokuwepo wakacheka. Mmoja akasema, "Shoga, si umwite Mkono Mwepesi?"

Huyo alikuwa mwanamume wa sauti laini aliyepita saluni hadi saluni na mkoba wake mweusi. Hakuwa daktari, ila aliitika akiitwa daktari. Alichoma migongo, magoti, mabega, na dawa yake ilitoka kwenye chupa moja iliyozunguka kwa kila mtu. Alichanganya na dawa ya ganzi ili mtu asisikie kitu. Hakuuliza kisukari, hakuuliza chochote.

"Mama mkubwa, lete mkono. Utasahau kama ulikuwa nao."

Na kweli alisahau. Maumivu yakijaribu kurudi, Mkono Mwepesi alikuwa mlangoni, ungedhani aliyasikia kabla ya mwenyewe.

Halafu mambo yakaanza kubadilika taratibu. Pale sindano ilipokuwa ikiingia, ngozi ilipauka. Doa jeupe, dogo mwanzoni, likatambaa kuelekea kwenye kiganja. Ngozi ya hapo ikawa nyembamba kama karatasi ya kufungia sabuni, mishipa inaonekana chini yake. Akigusa ukingo wa meza anavilia damu. Kiu haikumwisha, alikunywa maji hadi wateja wakamtania kwamba ana kisima tumboni.

Kisha uso. Mashavu yalijaa, yakawa ya mviringo na mekundu. Watu walimpongeza kwa kunenepa. Siku moja mtoto wa mteja, akiwa amekaa kwenye kiti miguu ikining'inia, alimtazama kiooni kwa muda mrefu. Akageuka kumwangalia Vidole mwenyewe, akarudi kwenye kioo.

"Shangazi yuko wapi?" aliuliza.

"Si huyu hapa nyuma yako?" mama yake akajibu.

"Huyu ana mikono ya shangazi. Lakini yule siye."

Mama alicheka peke yake. Vidole aliinua macho kiooni, na mwanamke wa uso wa mviringo akamtazama kama mgeni aliyeingia bila hodi. Tangu siku hiyo akawa anasuka akiwa ameinamisha kichwa.

Ikaja siku ya bi harusi. Rasta ndefu, nyembamba, kazi ya kutwa nzima. Alasiri kidole kiligoma, na kama kawaida mkoba mweusi ukaonekana mlangoni. Alichomwa akiwa amesimama. Dakika chache baadaye mkono ulikuwa kimya kabisa.

Ilibaki kuchovya ncha. Wasusi mnajua: unakusanya rasta, unazizamisha kwenye jagi la maji yanayotokota ili zisifumuke, na mkono wako ndio unaokuambia usimame wapi. Mvuke ukiuma, unarudi. Vidole aliinama, macho yakikwepa kioo, akazamisha. Akangoja mkono umwambie.

Mkono haukusema neno.

"Maji yamepoa haya," alisema. "Ongeza ya birika."

Binti yake alisogea na birika, akachungulia ndani ya jagi, birika likamponyoka.

"Mama! Mkono wako umo ndani!"

Vidole alitazama. Kidole gumba na shina lake vilikuwa chini ya maji, mvuke ukipanda kuvizunguka, na doa jeupe lilikuwa limeanza kuinuka kama ngozi ya maziwa. Hakusikia kitu. Hilo ndilo lililomfanya apige kelele.

Kidonda kilikataa kupona. Ngozi nyembamba, sukari juu, na kinga ya mwili iliyolazwa usingizi na dawa. Uvimbe ukapanda mkononi, homa ikaja, na bado alitaka kumwita Mkono Mwepesi, "anitulize kidogo tu." Binti alisimama mlangoni.

"Akiingia huyo, mimi natoka na sirudi. Chagua, mama."

Walikwenda hospitali. Daktari yule yule alipouona mkono, aliita wenzake. Walimpasua wakatoa usaha, wakashusha sukari, na ilikuwa nusura wakate.

"Hizo sindano naziacha leo," Vidole alisema akilia.

"Utaziacha, lakini chini ya macho yetu," daktari akamjibu. "Mwili wako una steroidi yake unayoitengeneza wenyewe. Umeletewa ya nje kwa wingi mpaka ukaacha kutengeneza. Ukikata ghafla bila uangalizi, unaweza kuanguka. Ungeniambia tangu mwanzo."

Mkono ulibaki, ila kidole gumba hakikunjiki tena. Sasa binti ndiye anayesuka, na hafungi tena kama mzigo wa kuni. Vidole hukaa kwenye kiti cha pili akielekeza. Uso wake umerudi polepole, mpaka yule mtoto alipokuja tena akamwamkia kiooni. Doa jeupe liko pale pale.

Juzi mkoba mweusi ulisimama mlangoni. "Mama mkubwa, hamjambo humu? Hakuna kinachouma?"

"Kinauma," alisema Vidole, "na kiache kiume. Ndicho kinachonijulisha nipo. Ondoka."

Akaondoka bila haraka. Wakamsikia akibisha saluni ya jirani, na sauti ya kike ikaitika kwa furaha: "Karibu, daktari. Nimekungoja wewe tu."

FUNZO

Sindano ya steroidi si sumu. Ikichomwa na anayejua, mahali panapostahili, huwatoa watu wengi kwenye mateso. Lakini inazima uvimbe, haiondoi kazi iliyouleta. Usipopumzisha kiungo, maumivu yatarudi, na kurudia ovyo kunaharibu ngozi na kano. Anayekuchoma mwambie kama una kisukari, una homa au kidonda, una ujauzito, unatumia dawa ya kuzuia damu kuganda, na kama ulishachomwa kwingine. Asipouliza, ondoka. Chupa inayozunguka kwa kila mtu, ikimbie. Ukichomwa, kaa mbali na moto na vyenye ncha mpaka ganzi iishe. Kiungo kikivimba, kikipata joto, au ukashikwa na homa, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Maumivu ni mlinzi wa nyumba yako. Ukimlaza, hakikisha unajua nani ameshika mlango.