Kitanda cha Peke Yake

Siku ya kugawiwa funguo, ukumbi wa mabweni ulifurika watu hata pa kutia mguu hapakuwapo. Muuguzi, kama wenzake walivyomwita tangu alipochaguliwa kusomea uuguzi, alisimama kwenye foleni na ndoo moja ya plastiki. Mali yake yote ilikuwamo. Nyuma yake kijana wa uhandisi, shati jeupe limenyooka kama karatasi, alikuwa akisukuma masanduku kwa goti.

"Dada, ndoo hiyo ndiyo nyumba nzima?"

"Ndiyo, kaka. Na masanduku hayo ndiyo mtaa mzima?"

Kijana akacheka mpaka karani akanyanyua macho. Kabla hawajafika dirishani, alikuwa ameshaomba namba ya simu, naye Muuguzi ameshajifanya kusita, kisha akaitoa.

Mapenzi yakakolea. Mhandisi hakuacha kulinung'unikia bweni: kwao maji ya moto hutoka ukutani, na godoro halimchomi mtu mbavu. Muuguzi alimpa pole kama anayembembeleza mtoto wa mfalme. Yeye alichemsha mayai ndani ya birika la umeme, na jioni alitandaza sketi yake chini ya godoro ili iamke imenyooka.

Jumapili moja, wakiwa wamekaa kwenye ngazi za bweni, Muuguzi alimwambia Mhandisi jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kwao walilala wasichana wanne kwenye mkeka mmoja. Kitanda kilikuwa kimoja tu, cha mama. Kitanda cha bweni kilikuwa cha kwanza maishani mwake kukilalia peke yake. Likizo ilipokaribia, badala ya kufurahi kwamba atamwona mama, alianza kukisikitikia kitanda.

"Usimwambie mtu, mpenzi. Mama akisikia atadhani nimemkana."

"Nimwambie nani, malaika wangu? Nitakufa nalo."

Mwaka wao wa mwisho, Mhandisi akaomba kumwoa. Muuguzi alitaka wazazi waonane kwanza, basi wazazi wa kijana wakamwalika pamoja na mama yake. Mama, mshonaji wa sare za shule, alivaa gauni la kijani alilolishona kwa makini kuliko sare yoyote, akakaa ukingoni mwa kochi kana kwamba anaogopa kuliamsha.

Mezani, dada mkubwa wa Mhandisi ndiye aliyeshika usukani wa mazungumzo.

"Wifi, sisi tunakujua kuliko unavyojijua," alisema, akayasimulia mayai ya birika na sketi ya chini ya godoro. Wote wakacheka, hata mama akatabasamu. "Na kile kitanda je? Kaka anasema likizo ikifika unakililia. Hutaki kurudi kwenye mkeka wa kwenu."

Kicheko kikakosa pa kutua. Mhandisi akainamia sahani yake. Muuguzi hakumtazama, alitazama mikono ya mama, iliyokuwa ikiweka glasi mezani polepole mno.

"Nakishukuru chuo," mama akasema, "kwa kumlaza vizuri mwanangu."

Hakula tena. Njiani kurudi alizungumzia mvua.

Mhandisi alipiga simu siku nyingi kabla ya kupokelewa.

"Niliwasimulia kwa kujivunia, mpenzi. Nilitaka wakupende."

"Wakanipenda?"

Mhandisi akaanza kujieleza upya, Muuguzi akamkatiza.

"Mama aliponiuliza habari zako, nilimwambia kwamba u mtu mwema. Basi. Na nilikuwa na mengi ya kumsimulia."

Akaomba asamehewe, akaapa, akalia. Muuguzi alimwambia kwamba atamjibu kuhusu ndoa akiwa likizoni. Nusu ya moyo wake ilikuwa imeshamsamehe, kwa maana bado alimpenda.

Alifika nyumbani alasiri. Kitanda cha mama kilikuwa kimehamishiwa chumba cha wasichana, kimetandikwa shuka jipya la maua, ukingo wake umeshonwa kwa mkono.

"Hicho chako," mama akasema. "Peke yako."

"Nawe, mama?"

"Mgongo wangu unapenda chini. Usibishane nami."

Alibishana, akasihi, akashika miguu ya kitanda akitaka kukirudisha. Mama hakupandisha sauti wala hakulegea. Ndipo simu ikaita, naye Muuguzi akatoka nayo mlangoni.

"Umefika salama, kipenzi?"

"Nimefika. Mama amenipa kitanda chake."

Mhandisi akashusha pumzi. "Afadhali. Basi mama hana kinyongo."

Muuguzi akachungulia ndani. Mama alikuwa amepiga magoti, mkono mmoja kiunoni, akihangaika kuutandaza mkeka.

"Hana," akasema. "Ninacho mimi. Jibu langu ni hapana, na usinipigie tena."

Akazima simu, akafuta uso kwa kiganja, akaingia kumshikia mama ncha ya pili.