Gari la Mama Dobi Limegoma Tena

Kulikuwa kunapambazuka. Mama Dobi na mumewe walikuwa wamekwisha kupiga pasi shuka sitini za wodi ya wazazi. Walizipakia kwenye gari lao kuukuu. Mume akakaa kwenye usukani, akazungusha ufunguo.

Tik!

Akazungusha tena. Tik!

"Usiniambie," alisema Mama Dobi.

"Mke wangu, limegoma."

"Limegoma! Kwani siku hizi magari nayo yana chama cha wafanyakazi?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Jana gari liligoma hivi hivi, wakachelewa kwa saa mbili. Alipofika hospitali alimkuta mama aliyejifungua usiku amelala na kichanga chake juu ya godoro tupu la plastiki. Muuguzi mkuu alimwambia, "Mkichelewa tena kesho, kazi hii nitampa mwingine." Maneno hayo yalimuuma, lakini lile godoro lilimuuma zaidi.

"Nimwite Badilisha?" aliuliza mume.

Badilisha alikuwa fundi wa pale kona. Watu walimpa jina hilo kwa sababu kwake kila ugonjwa dawa yake ni kubadilisha kifaa. Katika miezi mitatu alikuwa amewawekea betri mpya mbili. Kila mara gari liliwaka siku chache, kisha yakawa yale yale.

"Badilisha? Leo hagusi hata nati!" alifoka Mama Dobi.

Akaenda kumgongea jirani yao, mwanamke wa makamo anayetengeneza jenereta. Fundi huyo akaja na kandambili miguuni na spana mkononi.

"Shemeji, washa taa za mbele," alisema. "Sasa zungusha ufunguo. Dada, wewe ziangalie taa."

Tik! Taa zikafifia, zikabaki nyekundu kama makaa yanayozimika.

"Umeona?" alisema fundi. "Kama injini ingezunguka kwa nguvu halafu isiwake, ningetafuta kasoro kwenye mafuta au plagi. Hii haizunguki kabisa, na taa zinafifia. Basi umeme haufiki vizuri. Labda betri imeisha, au njia ya umeme imeziba. Betri ina muda gani?"

"Wiki tatu tu."

"Basi tuanze na njia."

Betri ilikuwa chini ya kiti cha mbele cha abiria. Fundi akakiinua kiti. Loo! Vichwa vya betri vilikuwa vimefunikwa na unga mweupe uliochanganyika na kijani. Fundi akakibonyeza kiti. Maji yakatoka.

"Na kiti hiki, mbona kimelowa?"

Mke na mume wakatazamana. Kila jioni walirudi na shuka mbichi kutoka kwenye bomba wanakofulia. Nyuma kukijaa, vikapu vilivyobaki walivipanga juu ya kiti hicho. Maji ya sabuni na dawa ya madoa yakachuruzika hadi kwenye betri.

"Kumbe mchawi ni sisi wenyewe!" alisema mume.

"Sisi hatukujua," alijibu Mama Dobi. "Badilisha alikiinua kiti hiki mara mbili. Aliona. Akanyamaza!"

"Alipokuwa anafunga betri mpya, uchafu ulikwanguka kidogo," fundi alieleza. "Ndiyo maana gari liliwaka siku chache. Haya dada, vaa glavu zako za kufulia. Unga huu unaunguza, usiuguse kwa mkono mtupu. Shemeji, zima taa, toa ufunguo."

Akafungua kwanza waya wa alama ya kutoa, kisha wa kujumlisha. "Spana isiguse vichwa vyote viwili kwa pamoja. Cheche zitaruka."

Mama Dobi akachanganya soda ya kuokea na maji ya moto. Akasugua kwa mswaki wa zamani mpaka povu likatulia, akafuta, akakausha. Fundi akapiga msasa mpaka chuma kikang'aa. Kisha akaufuata waya wa kutoa hadi ulipofungwa kwenye bodi ya gari. Hapo pia palikuwa na kutu.

"Wengi huku hawafiki," alisema, akipasugua. "Kurudisha ni kinyume. Waya wa kujumlisha kwanza, wa kutoa mwisho. Kaza mpaka usicheze. Halafu paka grisi kidogo."

Mume akahakikisha gia iko huru, akazungusha ufunguo. Gari likanguruma mara moja tu.

Saa moja na nusu shuka zilikuwa wodini. Muuguzi mkuu akatazama saa yake, akaanza kutandika. Kazi ikabaki mikononi mwao.

Siku hizi shuka mbichi husafiri kwenye ndoo zenye vifuniko, na kiti cha mbele hukaliwa na watu. Kila mwezi Mama Dobi hukiinua mwenyewe na kukagua betri. Wiki sita zimepita, gari halijagoma hata siku moja.

Juzi Badilisha alimsimamisha njiani, akitabasamu.

"Mama, mbona mmenitupa?"

"Ulikiona kiti kimelowa?"

"Nilikiona. Lakini mliniita kuweka betri, hamkuniita kukagua kiti."

Mama Dobi akamtazama machoni.

"Kuna mtoto alianza maisha yake juu ya plastiki baridi," alisema. "Wewe ulikuwa na neno moja tu la kusema, na halikuwa na gharama."

Badilisha akashika mfuko wake wa spana. Safari hii hakuwa na cha kubadilisha.